Muuzaji Aliye Mapajani: Utangulizi kwa Wazazi wa Kindu

Keti asubuhi moja kwenye soko la Kindu, karibu na mama anayeuza mchele na mawese. Mkono mmoja unajaza kopo, mwingine unapokea franka, na jicho liko kwa mteja mwenye haraka ya kuvuka mto arudi Alunguli. Chini ya meza mtoto wake wa miaka mitatu ametulia tuli, simu ya mama mapajani. Bila utulivu huo mchele usingeuzika. Elimu ninayowakaribisha katika kijitabu hiki inaanzia hapo chini ya meza, wala haianzi kwa kumlaumu mama.

Ni elimu ya watoto na skrini. Ilikua pamoja na televisheni: mwaka 1958 Hilde Himmelweit na wenzake walichapisha huko Uingereza utafiti mkubwa juu ya watoto na chombo hicho kilichokuwa bado kigeni majumbani. Leo wanasaikolojia, madaktari wa watoto na wanasheria hukutana humo, na mimi naona maswali yake makuu ni mawili. Skrini inachukua nafasi ya nini katika siku ya mtoto? Na nani anamuuzia mtoto huyo, tena anamuuzia nini?

Kwa swali la kwanza, jaribio ninalolipenda ni la Patricia Kuhl na wenzake, la mwaka 2003. Watoto wa Marekani wa miezi 9 walichezeshwa na mtu aliyezungumza nao Kichina kwa vipindi 12, na masikio yao yakajifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao walioletewa Kichina hicho kwa video hawakuambulia kitu. Mtoto mchanga huokota lugha kwa mtu anayemtazama na kumwitikia. Basi mama anayehesabu makopo kwa sauti, akimgeukia mwanawe, anafundisha. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Kwa swali la pili, Dina Borzekowski na Thomas Robinson walieleza mwaka 2001 jinsi watoto 46 wa miaka 2 hadi 6 walivyotazama katuni, ya baadhi yao ikiwa na matangazo mafupi ndani yake. Walipoambiwa wachague bidhaa, walioona matangazo walielekea zaidi kwenye zile zilizotangazwa. Mtoto mdogo hajui kwamba anauziwa. Ndiyo maana Quebec, kule Kanada, imezuia tangu 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga walio chini ya miaka 13.

Hapa ninyi wazazi wa sokoni mnatuzidi sisi watafiti. Mnajua matabisi ni nini: kiganja kile cha mchele kinachoongezwa juu ya kopo ili mteja arudi kesho. Video ikiisha na nyingine ikaanza yenyewe, hiyo nayo ni matabisi. Anayetoa anataka mtoto abaki, kwa sababu muda wake unauzwa kwa wenye matangazo.

Kwa hiyo tumieni ujuzi mlio nao. Pakueni video mbili tatu nyumbani, kisha zimeni intaneti kabla ya kumpa mtoto simu. Zikiisha, zimekwisha, na mega zenu zimesalimika. Namba ya siri ya pesa za simu asiijue mtu, hata yaya anayemlea mdogo wake. Wekeni kikapu cha vitu vya kuchezea chini ya meza: vifuniko, kopo lililotoboka, kitambaa. Wakati wa kula na wa kulala, simu ikae mbali.

Sura zinazofuata zitachukua maswali haya moja moja, kwa umri wa mtoto na kwa kazi ya mzazi. Kabla ya kuzifungua, jioni moja, soko likishafungwa, keti na mwanao dakika kumi mbele ya video anayoipenda. Tangazo likitokea, muulize: "Huyu anauza nini?" Jibu lake la kwanza liandike pembeni mwa ukurasa huu. Litakuwa mwanzo wa utafiti wako mwenyewe.