Maji yasikutane na mafuta: kufunga pete za shemizi bila kujiumiza



Hapa Salamabila wengi wenu ni mafundi, na baada ya zamu mnatengeneza magari ya zamani uani. Gari hilo hilo ndilo hupeleka mgonjwa Kasongo, au mama mja mzito usiku. Likizimika porini, hasara si ya chuma peke yake. Kwa hiyo leo tunaeleza kazi moja ya moteri, pamoja na hatari zake kwa mwili wako.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, na 504, iliyotoka mwaka 1968. Ni magari yenye sifa: 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978.

SHEMIZI NI NINI?

Katika moteri hizo za silinda 4, pistoni hupanda na kushuka ndani ya bomba la chuma linaloweza kutolewa. Bomba hilo ndilo shemizi. Nje yake yanazunguka maji ya radiata. Chini yake kuna mafuta. Kati ya maji na mafuta kuna kizuizi kimoja tu: pete nyembamba kwenye kitako cha shemizi. Ikivuja, maji huingia katika mafuta, mafuta hugeuka rangi kama chai ya maziwa, na vyuma laini vinavyobeba krankshafti huliwa upesi.

KAZI YENYEWE

1. Ngoja moteri ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha radiata ikiwa ya moto: maji yatakurukia usoni. Kisha mwaga maji na mafuta.

2. Kabla ya kutoa shemizi, tia alama 1, 2, 3, 4. Zisukume kutoka chini kwa kipande cha mti, si kwa chuma.

3. Safisha kiti cha pete. Maji ya mto huacha kutu na magamba. Punje moja ikibaki, pete haitakaa sawa. Gasketi za zamani nyingi zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu, hata baada ya miaka mingi. Zilowanishe kwanza, uzikwangue zikiwa mbichi. Usizisugue kwa brashi ya mashine, wala usizipulize kwa hewa.

4. Chagua pete kwa unene wake. Shemizi lazima izidi uso wa moteri kidogo sana, ili kifuniko cha silinda kiikandamize. Pima kila moja kwa kipimo, na zote zilingane. Kiasi halisi kimeandikwa katika kitabu cha moteri yako. Usikisie kwa kidole. Shemizi ikiwa chini mno, itavuja. Ikiwa juu mno, gasketi ya kifuniko haitashika vizuri.

5. Katika moteri nyingi kubwa za dizeli, pete ni za mpira na hukaa ndani ya mifereji. Hakikisha hazikujipinda. Zipake kile tu ambacho kitabu kimesema, maana mpira wa namna nyingine huvimba ukiguswa na mafuta. Sukuma shemizi kwa mikono, pole pole. Ikikataa, itoe uangalie, usiipige nyundo.

6. Shemizi zikiisha kukaa, zibane kwa bolti na washa pana. Ukizungusha krankshafti bila kuzibana, pistoni itainua shemizi na pete itahama.

7. Kabla ya kufunga karteri ya mafuta, funga kifuniko cha silinda, jaza maji, uache usiku kucha. Asubuhi tazama chini. Tone moja likionekana, rudia kazi. Ni afadhali kurudia uani kuliko kukwama njia ya Kabambare.

LINDA MWILI WAKO

Usioshe vyuma kwa petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye mbabula ya mama anayepika, na moto hurudi kwako. Mafuta ya moteri yaliyotumika huwasha ngozi, na yakiigusa miaka mingi yanaweza kuleta kansa. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, wala usiweke kitambaa chenye mafuta mfukoni. Usijaribu moteri ndani ya nyumba iliyofungwa: moshi wake huua bila kubisha hodi.

Mama wa nyumbani, sikiliza pia. Dawa ya radiata ni tamu na ni sumu. Mtoto hunywa akidhani ni soda. Petroli nayo isitiwe katika chupa ya kunywea. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mlete dispanseri mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno. Funika kidonda kwa kitambaa safi, umlete.

Moteri iliyoharibika hupata vipuri. Macho na mapafu hayana vipuri. Fanyeni kazi kwa utaratibu.