Fahamu: Kwa nini kura nyingi hazimpati fundi bora kila mara

Umeunda taa ya sola kwa makopo, ukaipiga picha hatua kwa hatua, ukaiingiza kwenye shindano la mtandaoni. Matokeo yanatoka: ameshinda mwenye kazi ya kawaida na wafuasi lukuki. Inauma, na sababu zake zinajulikana.

Kura ya wazi hupima ubora wa kazi pamoja na wingi wa marafiki wa mtengenezaji. Tena, kura zinazoonekana huvuta nyingine. Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha jaribio la watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 zisizojulikana. Walioona wenzao wamepakua nini waliwafuata, hata wimbo uleule ukapaa katika kundi moja na kuzama katika jingine. Nyimbo bora kabisa hazikushika mkia mara nyingi, wala mbovu kabisa hazikuongoza mara nyingi. Zile za katikati, na huko ndiko kazi nyingi za mashindano zilipo, ziliangukia popote.

LEGO Ideas, jukwaa la kampuni ya vichezeo LEGO ambako mashabiki hupendekeza kazi zao, hutenganisha hatua: kazi ikipata waungaji mkono 10,000 haijashinda bado, inapelekwa kwa jopo la kampuni ndipo iamuliwe. Naona ni haki zaidi, ingawa fundi asiyejulikana bado anaachwa mlangoni. Kwake yeye, ningetaka hesabu zifichwe mpaka kura zifungwe, na kila anayefungua ukurasa aone kazi kwa mpangilio tofauti.