Saruji ya Magnesi na Adui Wake, Maji

Mjini Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mvua huanza mwezi wa Novemba na kwa kawaida haikomi mpaka Aprili. Ukuta wowote ujengwao huko hauna budi kuistahimili miezi hiyo. Saruji iliyozoeleka, kama ile itokayo katika kiwanda kilichopo Songwe, karibu na Mbeya, asili yake ni mawe ya chokaa. Ipo nyingine, ambayo ikiwa kavu huweza kuipita hiyo kwa nguvu, lakini maji huidhoofisha. Nayo ni saruji ya magnesi, iliyoelezwa na Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1867.

Mawe ya magnesaiti, kama yale ya Chambogo wilayani Same, huchomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, yakabaki unga wa oksaidi ya magnesi. Saruji ya kawaida hudai nyuzi 1,450; kwa hiyo makaa mengi huokolewa. Unga huo haukorogwi kwa maji matupu, bali kwa mmumunyo wa kloraidi ya magnesi, chumvi chungu iliyomo katika maji yanayobaki baada ya chumvi ya kula kuvunwa pwani:

5MgO + MgCl₂ + 13H₂O → 5Mg(OH)₂·MgCl₂·8H₂O

Zao lake ni fuwele nyembamba mfano wa sindano, zilizofumana kama ukindu wa mkeka. Nguvu yote imo katika mfumano huo. Majini, kloraidi humumunyika na kutoka. Hubaki haidroksaidi ya magnesi, isiyofumana. Kipande kilichohimili nyutoni 60 kwa milimita ya mraba kikizamishwa majuma manne, si ajabu kikabaki na nusu yake au pungufu.

Wala si lazima mvua ikiguse. Nchini Denmark, kati ya mwaka 2010 na 2015, vibao vya saruji hii vilitumika ndani ya kuta za nje za majengo mengi. Unyevu wa hewa peke yake ulitosha: vibao vilitokwa na matone ya chumvi, misumari ikapata kutu, na vingi vikalazimika kubomolewa.

Tiba ya kwanza ni kipimo. Mlinganyo hudai molekuli 5 za oksaidi kwa moja ya kloraidi, lakini kwa kuwa si unga wote unaoshiriki, huongezwa hadi 7 au zaidi, ili isibaki kloraidi huru ya kuvuta unyevu. Tiba ya pili, iliyo bora zaidi, ni asidi ya fosfori, kiasi cha asilimia 1 tu ya uzito wa unga. Fosfati hushikamana na magnesi na kuzikinga sindano zisimumunyike. Ikizidi, saruji huchelewa kuganda. Majivu ya makapi ya mpunga, kama ule wa Kamsamba, nayo husaidia yakichomwa kwa joto la wastani, kwa sababu silika yake huziba vinyweleo.

Shule yenye maabara ndogo yaweza kulipima jambo hili: vipande viwili, kimoja chenye asidi na kingine bila, vikaushwe majuma mawili, vizamishwe, kisha vikwaruzwe kwa msumari kila juma.

Hata saruji iliyotibiwa haifai kutiwa nondo, kwa kuwa kloraidi huzila. Kwa nyumba ya Tunduma, mahali pake ni sakafu ya ndani na vibao vya kugawia vyumba; msingi na ukuta wa nje viachiwe saruji ya chokaa.