Uhandisi wa Darasani na Uhandisi wa Kazini

Habari zinapofika kambini au mtaani kwamba mtoto wa fulani amechaguliwa kusomea uhandisi, nyumba nzima hujaa furaha. Majirani huja kumpongeza, na mama huanza kuota siku za raha. Furaha hiyo ni ya haki. Hata hivyo, yafaa wazazi na vijana wenyewe wafahamu mapema kwamba kusomea uhandisi ni jambo moja, na kuifanya kazi ya uhandisi ni jambo la pili.

Darasani, mwanafunzi hupewa swali lililokamilika. Huelezwa urefu wa boriti, uzito inaoubeba na aina ya chuma. Kilichobaki ni kukokotoa. Jibu lipo, mwalimu analijua, na anayekosea hupoteza alama tu. Kazini, hakuna amleteaye mhandisi swali likiwa kamili. Ni lazima apime mwenyewe, aulize, na aitilie shaka hata hesabu aliyoiandika kwa mkono wake mwaka uliopita. Tena hayuko peke yake: wapo mafundi, wasimamizi na wenye fedha, na kila mmoja ana neno lake. Akikosea, huenda wengine wakalipa kwa maisha yao.

Ukweli huo ulidhihirika kwa uchungu nchini Kanada, katika ujenzi wa daraja la reli la Quebec juu ya mto Saint Lawrence.

Hesabu iliyosahauliwa

Mshauri mkuu wa ujenzi huo alikuwa Theodore Cooper wa New York, Marekani, mhandisi mwenye sifa kubwa. Elimu hakukosa, wala uzoefu. Mwaka 1900 alishauri nafasi kati ya nguzo mbili kuu iongezwe kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, yaani karibu meta 549, ili nguzo zijengwe penye maji ya kina kifupi zaidi. Daraja likirefushwa, uzito wake nao huzidi. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Lakini uzito huo haukukokotolewa upya kwa wakati. Kosa lilipogunduliwa mwaka 1906, chuma kingi kilikuwa kimekwisha kutengenezwa, naye Cooper akaona kwamba mzigo uliozidi ungeweza kuvumilika.

Afya ya Cooper ilikuwa dhaifu, hivyo akabaki New York. Macho yake pale mtoni yalikuwa kijana Norman McLure, aliyetoka chuo kikuu miaka michache tu iliyopita. Mnamo Agosti 1907 baadhi ya mihimili ya chini ya daraja ilianza kupinda. Wengine walidai kwamba ilitoka kiwandani hivyo hivyo. Barua zilikwenda na kurudi, na ubishi ukaendelea. Tarehe 27 Agosti mhimili mmoja ulipopimwa, ulionekana umepinda inchi 2 na robo, hali wiki moja hivi kabla ya hapo ulikuwa umepinda robo tatu ya inchi tu. McLure akapanda gari moshi kwenda New York.

Simu isiyofika

Alipofika asubuhi ya tarehe 29, Cooper alitambua hatari mara moja. Akapeleka simu ya maandishi kwamba mzigo wowote usiongezwe juu ya daraja. Lakini simu hiyo ilikwenda kwenye ofisi ya kampuni huko Pennsylvania, wala haikwenda darajani. Wakubwa wa ofisi wakaamua kulizungumza jambo hilo tena kesho yake. Jioni ile ile, kazi ikikaribia kufungwa, daraja likaanguka mtoni. Kati ya watu 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake.

Askari hatashindwa kulielewa funzo hili. Amri njema isiyofika kituoni ni sawa na amri isiyotolewa. Wazee nao walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Isidhaniwe kwamba masomo hayana kazi. Bila ya hesabu za darasani, inchi zile zisingemtisha mtu yeyote. Lakini hesabu haikutosha mpaka iwe pamoja na jicho la kuona, ulimi wa kusema na ujasiri wa kusimamisha kazi.

Kwa sababu hiyo, hapa Uganda, ambako usajili wa wahandisi una sheria yake tangu mwaka 1969, shahada peke yake haimtoshi kijana kusajiliwa; hutakiwa kwanza apate uzoefu wa kazi. Mzazi asione kwamba mwanawe anadharauliwa. Likizo zikifika, amwache ashinde na fundi, avae buti, ashike futi na kusikiliza. Amfundishe pia kuandika taarifa fupi inayoeleweka, na kumheshimu fundi asiye na cheti ambaye mikono yake inakijua chuma.

Huko Kanada, tangu mwaka 1925, wahandisi wanaoingia kazini hula kiapo na kuvishwa pete ya chuma kwenye kidole cha mwisho cha mkono wanaofanyia kazi. Kila mhandisi achorapo mstari, pete hugusa karatasi na kumkumbusha wajibu wake. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.