Kuhamisha Nasaba za Klasi Kutoka C++ Hadi JavaScript

Programu nyingi za sayansi na uhandisi zimeandikwa kwa C++, lugha ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuiunda huko Bell Labs mwaka 1979. Kuziandika upya ili zitumike katika vivinjari vya intaneti ni kazi ya miaka mingi. Emscripten, kompaila iliyoanzishwa na Alon Zakai, huzigeuza ziwe katika umbo ambalo kivinjari hulifahamu. Hata hivyo, hesabu huvuka mpaka huo kwa urahisi kuliko nasaba za klasi.

Klasi ni kielelezo ambacho kwacho programu huunda vitu. Mathalani, klasi Gari ina tendo la kuwasha; klasi Lori huirithi Gari na kuongeza tendo la kupakia. Ndani ya Lori huweza kuandikwa klasi nyingine, Tela. Hapa hapana budi msomaji atofautishe mambo mawili yanayochanganywa mno: Lori ni aina ya Gari, bali Tela si aina ya Lori, imewekwa humo ili jina lake likae chini ya jina la Lori.

Kompaila imalizapo kazi, nasaba hizo hutoweka karibu zote. Zilizosalia ni amri na anwani za kumbukumbu. Kwa hiyo, kwa kutumia zana iitwayo Embind, mwandishi wa programu huitaja kila klasi pamoja na mzazi wake. Asipomtaja mzazi, Lori huonekana katika JavaScript, lakini haliwezi kuwashwa! Tena, JavaScript hurithisha kwa mnyororo wa violezo, na kila kiolezo kina mzazi mmoja tu, ilhali C++ huruhusu wazazi kadhaa. Tela nayo hupewa jina la kawaida, kama vile Lori_Tela.

Tatizo zito zaidi ni kumbukumbu. JavaScript hufagia yenyewe vitu visivyohitajiwa tena. Lakini Lori lililoundwa kwa njia hii hushika anwani tu ya kitu halisi kilicho upande wa C++, na ufagio huo haufiki huko. Mtumiaji asipoita tendo la delete, vitu hurundikana hadi programu ikwame. Toleo la JavaScript la mwaka 2021 liliongeza FinalizationRegistry, ambayo huweza kutoa taarifa kitu kinapofagiwa. Ila haiahidi wakati, wala haiahidi kwamba taarifa itatolewa. Kwa sababu hiyo waandishi waangalifu huendelea kufuta kwa mkono.