Grupu Inayotembea Juu ya Reli: Historia ya Treni za Kwanza za Mazutu na Umeme



Tangu mwaka 2025, Tanzania na Burundi walipoanza kazi ya reli ya Uvinza–Musongati, huku Nyamianda mazungumzo ya treni yamerudi kwa nguvu. Mpango wenyewe ni kwamba reli ile iendelee hadi Gitega, kisha siku moja ivuke ifike Uvira na iende mpaka Kindu. Kila nikipita kwenye kikundi cha vijana nasikia mabishano yaleyale: mmoja anasema treni ya umeme njo ya kisasa, mwingine anasema apana, sisi tuanze na ya mazutu, umeme wenyewe hautoshi. Nilisoma elektromekanika, kwa hiyo ninaulizwa sana. Leo nataka kujibu kwa historia, maana watu wengi wanapanga mazutu upande huu na umeme upande ule kama maadui, na kumbe zaidi ya miaka mia moja sasa mambo hayo mawili yanaishi ndani ya mashini moja.

Tuanze na kitu tunachokijua wote. Umeme ukikatika jioni, duka la pembeni linawasha grupu. Ndani ya grupu mna vitu viwili: moteri inayokunywa mazutu au esansi, na jenereta inayozungushwa na ile moteri ili itoe umeme. Sasa chukua grupu kubwa kabisa, iweke juu ya reli. Umeme wake usiupeleke kwenye taa na friji, upeleke kwenye moteri za umeme zilizofungwa chini, karibu na magurudumu. Basi, umepata lokomotivu ya dizeli-umeme. Moteri ya mazutu haigusi magurudumu hata kidogo. Yenyewe kazi yake ni kutengeneza umeme, na umeme njo unaovuta treni.

Mtu atauliza: kwa nini mzunguko huo wote? Si ufunge moteri moja kwa moja kwenye magurudumu, kama kwenye motokari?

Swali hilo walijiuliza Wazungu mbele ya vita ya kwanza, na walijaribu. Rudolf Diesel mwenyewe, yule Mjerumani aliyebuni moteri hii, alishirikiana na kampuni ya Sulzer ya Uswisi na mhandisi Adolf Klose. Mwaka 1912 lokomotivu yao ilijaribiwa kwenye reli ya Winterthur–Romanshorn. Moteri ilifungwa moja kwa moja na magurudumu, bila kitu cha kutenganisha katikati. Hapo shida ikatokea. Moteri ya dizeli haina nguvu yoyote ikiwa imesimama, ni lazima kwanza izunguke ndipo iwake. Mashini ya mvuke haiko hivyo: unafungua mvuke, inasukuma hata kutoka sifuri. Kwa hiyo ile lokomotivu ya Sulzer ilibidi iondoke kwa kusukumwa na hewa iliyobanwa ndani ya matangi, na ikishapata mwendo ndipo mazutu yaanze kuwaka. Fikiria treni nzima inayoondoka kwa pumzi ya matangi! Haikufaulu katika kazi ya kila siku, na vita ilipofika 1914 jambo likaishia pale. Diesel naye alipotea baharini mwezi wa Septemba 1913, akiwa kwenye meli akivuka kwenda Uingereza.

Kwenye motokari tunatatua shida hii kwa ambrayaji na vitesi. Shofere anaachanisha moteri na magurudumu, anaiacha izunguke, halafu anaunganisha polepole. Kwa gari la tani mbili au kamyo ya tani thelathini inawezekana. Kwa treni ya mamia ya tani, ambrayaji ya wakati ule ingeungua siku ya kwanza, na meno ya vitesi yangevunjika.

Umeme ukaleta jibu. Moteri ya umeme ya aina iliyotumiwa kwenye tramu ina tabia ya ajabu: inatoa nguvu kubwa zaidi pale pale inapoanza kuzunguka, na mwendo ukiongezeka nguvu ya kuvuta inapungua. Hivyo ndivyo treni inavyotaka. Kwa hiyo unaacha dizeli izunguke kwa mwendo inaoupenda, na umeme unafanya kazi ya ambrayaji na vitesi pamoja. Wasweden walikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba inawezekana: mwaka 1913 waliweka kwenye reli behewa dogo la abiria lenye moteri ya nguvu za farasi 75 na jenereta. Lilikuwa dogo sana, nguvu kama ya motokari ndogo ya leo, lakini wazo lilikuwa limezaliwa.

Kutoka behewa hadi lokomotivu kubwa, waliosukuma jambo ni Warusi, na sababu yao itatufahamisha mengi sisi Waafrika. Sababu ilikuwa maji. Mashini ya mvuke inakunywa maji kuliko ng'ombe wote wa Ruzizi. Kwenye majangwa ya Asia ya Kati, maji ni machache na yana chumvi inayoharibu tangi la mvuke. Juu ya hayo nchi ilikuwa imetoka vitani, mashini zimechakaa, na kuni na makaa vinapotezwa bure: mashini ya mvuke ya wakati ule ilitumia chini ya sehemu 10 kwa 100 za moto iliopewa, zingine zote zinatoka na moshi. Dizeli ilipita 20 kwa 100.

Mwaka 1922 serikali ya Kisovieti iliamua lokomotivu za dizeli zitengenezwe. Zikatokea mbili mwaka 1924. Moja ilitengenezwa Leningrad chini ya uongozi wa Yakov Gakkel. Nyingine ilisimamiwa na profesa Lomonosov, ikatengenezwa Ujerumani, kwenye kiwanda cha Esslingen. Hii ya pili, iliyoitwa Eel2, ilipewa moteri ya MAN ya aina ya meli za chini ya maji, nguvu za farasi 1,200. Hiyo ni karibu kilowati 880. Ilikuwa na ekseli tano za kuvuta, na kila moja iko na moteri yake ya umeme. Kwa kuwa reli za Urusi ni pana kuliko za Ujerumani, haikuweza kukimbia nje ya kiwanda hivi hivi. Waliipima juu ya magurudumu yanayozunguka mahali pamoja, kama mtu anayekimbia bila kusonga. Mwanzo wa 1925 ilikuwa Urusi tayari.

Tuangalie kilichofuata, kwa sababu hapa njo penye somo. Mashini yenyewe ilifanya kazi. Ilitumwa Asia ya Kati na ikadumu kazini mpaka miaka ya 1950. Kiwanda cha Kolomna kikatengeneza zingine nyingi za jamii ileile ya Eel katika miaka ya 1930. Lakini shida zilikuwa mbili. Ya kwanza, kupoza moteri kwenye joto la jangwa. Ya pili, watu: depo zilijaa mafundi wa mvuke, wanaojua nyundo na moto, na waliokuwa wanaelewa jenereta na moteri za umeme walihesabika. Kabla ya vita ya pili Wasovieti waliacha kutengeneza lokomotivu hizi, wakarudia mvuke, safari hii wakitumia mashini zinazokusanya mvuke wake na kuugeuza maji tena. Lomonosov naye hakurudi nyumbani. Alifia Montreal mwaka 1952. Nchi iliyokuwa mbele ya wote ikaachia wengine nafasi.

Wengine hawakulala. Wajerumani mwaka 1933 walianzisha treni iliyoitwa Fliegender Hamburger, moteri mbili za dizeli za nguvu za farasi 410 kila moja, ikakimbia Berlin–Hamburg hadi kilomita 160 kwa saa. Waingereza walichelewa, lokomotivu yao ya kwanza ya njia kuu, ile namba 10000 yenye moteri ya English Electric, ilitoka mwisho wa 1947.

Na hapo hadithi inaingia kwetu. Mwaka 1960, shirika la reli la Afrika Mashariki lilipokea kutoka English Electric lokomotivu za dizeli-umeme za jamii ya 90, zilizokuja kuitwa 87 baadaye, nguvu za farasi 1,840. Zilienda kwenye njia ya Mombasa–Nairobi, inayopita nyika ya Taru, mahali ambapo tangu reli ilipojengwa miaka ya 1890 maji yalikuwa yanapelekwa kwa treni. Jangwa la Warusi na nyika ya Taru ni shida moja! Kabla ya hapo njia ile ilitawaliwa na majitu ya mvuke ya jamii ya 59, tani karibu 250 kila moja, yenye majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, ungali unaweza kuiona kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kitu kimoja cha kuangalia kwenye zile za dizeli: zilikuwa na ekseli nane, lakini sita tu zinavuta. Mbili zingine zilikuwa za kubeba uzito, kwa sababu reli zetu ni nyepesi na hazivumilii mzigo mkubwa mahali pamoja. Mashini ilipimwa kulingana na reli iliyopo.

Na sisi Uvira? Vijana wengi hawajui kwamba treni ilishafika hapa. Wakati wa Wabelgiji palikuwa na Cefaki, reli ya Kivu, iliyotoka Kalundu, ikapita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, karibu kilomita 90. Wazo lilikuwa kufika Bukavu, lakini reli ilisimama chini ya mlima. Fikiria mfuko wa simenti wa wakati ule: unatoka treni ya Kalemie, unaingia meli, unashuka Kalundu, unaingia treni, unashuka Kamanyola, unaingia kamyo, ndipo upande escarpement. Kila mahali mzigo unaposhushwa na kupakiwa ni pesa, ni siku, ni mifuko inayopasuka. Kamyo ambayo inaweza kutoka bandarini mpaka Bukavu bila kushusha lazima ishinde. Mwisho wa miaka ya 1950 Cefaki ikafungwa, reli zikang'olewa. Hata lokomotivu nzuri kuliko zote za Ulaya isingeiokoa, kwa sababu ugonjwa wake haukuwa kwenye mashini. Ulikuwa kwenye njia yenyewe, iliyoishia mahali pasipofaa.

Sasa turudi kwenye mabishano yetu. Treni za reli mpya ya Tanzania, zinazofanya kazi tangu 2024 kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, zinachukua umeme kwenye waya wa juu. Hizo ni kama lokomotivu ya Eel2 iliyotolewa grupu yake: moteri za umeme chini zimebaki, lakini grupu imehamia mbali, kwenye bwawa au kituo cha gesi. Ni nzuri sana: haibebi mazutu, haina moshi. Lakini tufanye hesabu ndogo. Lokomotivu kubwa ya umeme ikivuta mizigo kwenye mlima inaweza kutumia megawati 4 hadi 6. Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwaka 1959, nguvu yake yote ni karibu megawati 30. Maana yake treni tano tu zinazopanda kwa wakati mmoja zingeweza kumeza Ruzizi ya kwanza nzima, na Bukavu na Uvira zibaki na mishumaa. Ruzizi ya pili, ya 1989, ni karibu megawati 44, na hiyo tunagawana nchi tatu.

Basi aliyesema tuanze na mazutu hana ujinga, na aliyesema umeme hana ndoto tu. Dizeli-umeme inaweza kuanza kazi siku reli inapofika, na waya wa juu ukaja baadaye umeme ukiongezeka. Fundi anayejua moteri za umeme za lokomotivu ya mazutu amekwisha kujua sehemu kubwa ya lokomotivu ya waya. Tena ujuzi huohuo unatakiwa kwenye kamyo kubwa za migodi, nyingi ambazo nazo zinavutwa na moteri za umeme zinazolishwa na dizeli. Ukiupata, hukai kungoja reli ifike ndipo upate mkate.

Kwa hiyo siku wakubwa watakapokuja kutuonyesha ramani, tupige makofi kama kawaida, lakini tuwe na maswali matatu mfukoni. Umeme utatoka wapi, megawati ngapi? Reli itaishia wapi, na mzigo utashushwa mara ngapi mbele ya kufika kwa mnunuzi? Na mafundi, watasomeshwa wapi, lini, wangapi kutoka kwetu? Swali la tatu njo lililowaangusha Warusi waliokuwa wa kwanza duniani. Shule za ufundi tunazo, vijana wa elektromekanika wanatoka kila mwaka, na muda wa kuwaandaa ni huu, reli ikiwa ingali kwenye karatasi.