Nyari Haisimuliwi kwa Dakika Ishirini

Hawe, bibi yangu mzaa mama, hakuliita korongo la Marafa "Jiko la Jehanamu" kama watalii wanavyoliita. Kwake palikuwa Nyari, mahali palipojivunja penyewe. Jioni alitukalisha mkekani akatusimulia habari za ukoo uliokuwa na ng'ombe wengi hata ukawa unaoga kwa maziwa, na majirani wanalala njaa. Mungu akachukia. Ardhi ikafunguka, ikawameza wao na boma lao. Weupe unaouona kwenye miamba ni yale maziwa. Wekundu ni damu yao.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nikitembeza wageni kati ya Watamu, Malindi na Marafa, hapa pwani ya Kenya, na kila mara nasimama ukingoni mwa korongo lile na kuanza na maneno ya hawe. Kisha nasema ya wataalamu: huu ni mchanga ulioshikamana ukawa mwamba laini, mvua na upepo vikauchonga hadi ikabaki minara na mabonde, na wekundu wake watokana na chuma kilichomo udongoni. Maelezo haya mawili sijaona yakigombana. Ya pili yaeleza ardhi ilivyokatika. Ya kwanza yaeleza watu wa hapa walivyomfikiria tajiri aliyemtazama jirani akifa njaa. Kumbuka tuko Magarini, nchi ya ukame, ambako mama hutembea asubuhi nzima kutafuta mtungi mmoja wa maji. Kwa mtu wa namna hiyo, hakuna dhambi nzito kuliko kuoga kwa maziwa.

Wapo wanaosimulia vingine: Mungu aliwaonya wanakijiji wahame, wakahama wote ila bikizee mmoja aliyekataa, akazama peke yake. Hawe hakuipenda hiyo. Alisema watu wenye akili hawamwachi mzee nyuma.

Mwaka mmoja hoteli fulani ilinipa kundi na ratiba iliyoandikwa: Marafa, dakika ishirini, picha, kurudi. Niliifuata siku moja tu. Wageni waliondoka na picha nzuri na hakuna hata mmoja aliyejua jina Nyari. Niliumia, na kazi ile sikuirudia.

Gede nako hakusimuliwi kwa haraka. Ukitoka Malindi kuelekea Mombasa, kilomita kama 16, unaingia msituni na ghafla unakuta kuta za mawe ya matumbawe za mji wa kale uliohamwa: msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba zenye vyoo ndani, visima. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi anatazamwa kutoka nyuma ya kuta. Sisi wa hapa hilo halitushangazi. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba wazee wa mji ule bado wapo, na anayeuharibu hapati usingizi. Hata mti hatukuthubutu kuukata. Mimi naamini woga huo ulifanya kazi kubwa ya ulinzi kabla ya mabango na walinzi wenye sare. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mahali ninapokaa zaidi ni kisimani, karibu na msikiti. Mtoto mmoja wa shule aliniuliza, "Mwalimu, walihamia wapi?" Nikamwambia ainame aangalie chini. Kisima kilichimbwa, baadaye kikaongezwa kina, kwa sababu maji yalikuwa yakishuka. Wataalamu hutaja pia vita na hofu ya wavamizi katika karne za mwisho za mji, lakini mtoto yule alielewa kisima. Kwao pia maji ni tatizo.

Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika mwaka 1498, na kila mtalii huipiga picha. Mimi huwakumbusha kwamba mwaka 1415, kabla Mreno yeyote hajaijua pwani hii, twiga wa kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na kwamba vyombo vya kauri na sarafu za Kichina vimepatikana Gede. Watamu kuna hifadhi ya bahari tangu 1968, na matumbawe yake yanatosha siku nzima. Na ukiwa Gede, pita kwenye mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993: wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo, na viwavi hao wakishageuka kuwa pupa huuzwa nje ya nchi. Hiyo ndiyo sababu mkulima ana faida msitu ukibaki umesimama.

Ndugu msomaji, usiwaachie wageni tu mahali hapa. Walete watoto wako. Gede njooni asubuhi, kabla jua halijawa kali, mkiwa kimya kidogo. Marafa fikeni saa kumi na moja jioni, na viatu vya kufunga, kwa kuwa njia ya kushuka ina changarawe inayoteleza. Mchukueni mwongozaji wa pale kijijini, na mwombeni asimulie Nyari kwa Kigiriama kwanza, ndipo awafasirie. Jua hutua baada ya saa kumi na mbili, na wakati huo wekundu wa miamba huwa umekolea kabisa.